Siku Kumi na Mbili

Karani wa leseni anahesabu kwa kidole,
anakishusha ukurasa kwa ukurasa
kwenye kitabu changu cha safari.
Januari, boti ya rubani, siku kumi na tisa.
Februari, boti ya rubani, siku ishirini na moja.
Halafu kidole kinafika pasipoandikwa kitu, kinasimama
kama gari lililofika mwisho wa lami.
"Hapa ulikuwa wapi, Kapteni?"

Nilikuwa Bombo, wodi ya wazazi.
Nilikuwa Chumbageni, chumba cha uani,
nakandwa maji ya moto na mama mkwe asiye na huruma.
Hayo hayana mstari kwenye kitabu chake.
"Basi zinapungua siku kumi na mbili,"
akaiandika hesabu kwa penseli,
na penseli ile ndiyo ilikuwa huruma yake.

Nilivyoipata leseni hii, anajua Mhina.
Mume wangu ni fundi cherehani, barabara ya nane.
Umeme ukikatika aliwasha mshumaa,
akasimamisha rili za uzi mezani, moja juu ya nyingine.
Nyeupe juu, nyekundu chini?
Rubani yuko kazini.
Nyekundu juu, nyeupe chini?
Mvuvi, ana nyavu majini, nimpishe.
Nyekundu mbili?
Meli imeshindwa kujiongoza.
"Kama mjomba wako Hatibu," akasema,
tukacheka mpaka rili zikabiringika uvunguni.
Gauni la bibi harusi wa Makorora lilichelewa siku nzima:
uzi mweupe ulikuwa umeingia nyuma ya kabati.

Watahini walikuwa watatu. Mmoja hakuinua uso.
"Ukungu umeshuka, mbele huoni. Unafanya nini?"
Napunguza mwendo. Naweka mtu wa kutazama.
Napiga honi moja ndefu,
na kabla dakika mbili hazijapita naipiga tena.
"Na ukiogopa?"
Hilo nyuzi za Mhina hazikunifundisha.
Nikasema: naogopa huku napiga honi.
Ndipo akainua uso.

Sasa siku kumi na mbili naziomba
kama mtu aliyeishiwa chumvi na wageni wako mlangoni.
Boti ya rubani ina kijana mpya,
ameshakirefusha kiti, miguu yangu haifiki.
Nikaipata boti ya Shekivuli, saruji na mbuzi, Tanga kwenda Wete,
zamu ya usiku, mshahara tutazungumza.

Mabaharia walikuwa wananisubiri nitapike.
Aliyetapika ni mpishi.
Mimi, saa nane za usiku, maziwa yakanishuka,
fulana ikalowa mpaka kiunoni.
Mkono mmoja usukani,
mwingine nakamua kwenye kikombe cha chai,
macho mbele: taa nyekundu na ya kijani kwa pamoja,
yaani meli inanijia uso kwa uso.
Nikakata kulia. Naye akakata kulia.
Tukapishana kama watu wenye adabu kichochoroni.
Kikombe nikakimwaga baharini.
Mbuzi mmoja akalia, nikamjibu.

Siku ya kumi na mbili Shekivuli akasaini
kwa kalamu ya kuazima, jina lake limepinda
kwa sababu tulikuwa bado hatujafunga kamba.

Karani akaifuta penseli, akapuliza vumbi la ufutio.
Mhuri ukagonga. Miaka mitano.
"Usipotee tena," akasema, kana kwamba nilipotea.

Nyumbani Mhina alikuwa ameshona mfuko wa turubali,
kipimo chake leseni,
pindo la kushoto uzi mwekundu, la kulia kijani.
Hakusema kitu. Alikuwa anatafuta sindano.

Nimefungua kitabu kipya.
Tarehe ya leo, jina la boti, siku: moja.
Nilitaka kuandika na saa niliyoondoka,
lakini mtoto ameishika kalamu
na haiachii.